Malengo ya Vita na Meza ya Amani katika Gemu za Kihistoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayeniuliza kuhusu gemu hizi ameshashinda vita. Amelivunja jeshi la adui, amekaa juu ya mji wake mkuu, kisha anafungua ukurasa wa mapatano na kukuta kwamba alichokitaka hakipatikani, au kinapatikana kwa bei itakayomfilisi. Ndiyo maana natangulia na neno hili: katika gemu za mkakati wa kihistoria, kitu utakachoondoka nacho mezani unakichagua kabla hujamtuma askari hata mmoja. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi palepale.

Mifano mingi nimeitoa kwenye Europa Universalis IV, ambayo wachezaji tunaiita EU4. Ilitengenezwa na studio ya Paradox ya Stockholm, Sweden, na ilitoka Agosti 2013. Mchezo wake unaanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya mapigano ya Varna. Gemu zake ndugu nitazigusa baadaye, maana kila moja ina namna yake ya kufunga vita.

Sababu ya vita na lengo la vita si kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndiko kunakowaponza wengi. Chukulia kesi ya shamba. Sababu ya vita ni haki yako ya kufungua kesi. Lengo la vita ni kile kipande cha ardhi kilichotajwa kwenye mashtaka. Mkataba wa amani ni hukumu. Ukiwa ulishtaki juu ya mpaka wa muhogo, hakimu hatakupa na nyumba ya jirani. Na katika gemu ukiitaka nyumba hiyo, utailipia zaidi.

Tuseme unacheza Kilwa na una dai juu ya jimbo la Malindi. Unatangaza vita vya utekaji, na lengo lako linakuwa kulishika jimbo hilo. Ukitaka majimbo mengine usiyo na dai nayo, yanapatikana, ila kila moja linakula pointi za diplomasia, zile zile unazozihitaji kwa teknolojia ya meli na biashara. Sababu nyingine zina malengo mengine. Kuna vita vya kurejesha jimbo lililokuwa lako tangu asili, vita vya kidini, vita vya biashara, vita vya kumdhalilisha hasimu. Baadhi vinakutaka ushike jimbo, baadhi vinakutaka ushinde mapigano uwanjani, vingine vinakutaka uzibe bandari za adui kwa manowari.

Sababu pia ndiyo inayopanga bei. Kurejesha jimbo la asili kunakuletea robo tu ya chuki ya majirani (nitaieleza chini) ambayo ungeipata kwa utekaji wa kawaida. Vita vya kidini vinakuruhusu kudai jimbo lolote la adui bila kulipia pointi za diplomasia. Jeshi ni lile lile na adui ni yule yule, lakini bili inabadilika kulingana na karatasi uliyoingia nayo.

Dai linapatikanaje?

Unampeleka balozi akajenge mtandao wa wapelelezi katika nchi unayoilenga. Mtandao ukifika 20, unaweza kughushi dai juu ya jimbo linalopakana nawe. Dai la namna hiyo linadumu miaka 25, kwa hiyo lisiozee kabatini. Njia ya pili ni misheni za nchi yako: ukitimiza hatua fulani, unapewa madai ya kudumu bila jasho la wapelelezi. Zisome misheni mapema.

Naweza kuanzisha vita bila sababu yoyote?

Unaweza. Utulivu wa nchi yako unaporomoka kwa 2 siku hiyo hiyo na majirani wanakuogopa zaidi. Kuna nyakati chache sana ambapo hesabu hiyo inalipa, na anayeanza kujifunza hana haja nayo.

Alama za vita zinahesabiwaje?

Ni mizani inayotoka hasi 100 hadi chanya 100. Chanya maana yake unashinda. Inajazwa hasa na mambo matatu, na kila jambo lina kikomo chake.

La kwanza ni mapigano ya uwanjani na baharini. Hata ukishinda kila pigano, mapigano yote kwa jumla hayakuvushi 40. Pigano moja, liwe kubwa namna gani, halizidi 10. Hapa ndipo wengi wanapoduwaa: wameua askari 60,000, alama zimesimama pale pale, nao wanazidi kuwakimbiza mabaki ya jeshi huko milimani.

La pili ni majimbo unayoyakalia. Jimbo lenye ustawi mkubwa lina uzito zaidi, na mji mkuu una uzito wake. Hapa kazi ni ya kuzingira ngome, na kuzingira kunakula muda. Kila baada ya siku takriban 30 kompyuta inarusha kete kuona kama ngome imeanguka, na wakati huo wanajeshi wako wanakufa kwa maradhi. Anayeona huu ni ukatili wa gemu akumbuke Fort Jesus ya Mombasa: Waomani waliizingira tangu Machi 1696 na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu kwa ngome moja.

La tatu ni lengo lenyewe la vita. Ukilishika jimbo uliloingilia vitani, au ukawa unaongoza kwa mapigano kama lengo lilikuwa hilo, alama zinaongezeka kidogo kidogo kila mwezi mpaka zifike 25. Ni alama za bure, hazihitaji damu zaidi, na watu wanaziacha! Nimemtazama rafiki yangu akitumia miaka minne ya mchezo kuteka majimbo ya pembezoni ilhali jimbo la lengo, lenye ngome moja mbovu, lilikuwa nyuma yake. Angeanza nalo, vita vingekwisha kwa nusu ya muda.

Kwa hiyo mpango wa kawaida ni huu: vunja jeshi kubwa la adui mara moja au mbili, kaa juu ya lengo, kisha zingira ngome zinazolinda njia huku lengo likikukusanyia alama.

Nina alama 60 na ninadai kitu cha alama 30. Mbona adui anakataa?

Kwa sababu alama ni sehemu tu ya anachokipima. Katika ukurasa wa mapatano kuna alama ya kukubali au kukataa. Weka kishale cha kipanya juu yake, usibofye, usubiri. Itafunguka orodha ya sababu zenye namba za kijani na nyekundu, na orodha hiyo ndiyo mwalimu bora kuliko video yoyote.

Utaona mambo kama haya. Vita bado ni vichanga: katika miezi ya mwanzo adui hasalimu amri kirahisi, na kadiri muda unavyopita ndivyo ukaidi wake unavyoyeyuka. Mji wake mkuu bado uko mikononi mwake. Washirika wake bado wana majeshi kamili, kwa hiyo nguvu za pande mbili zikipimwa anajiona hajaisha. Au ana mahali anakoendelea kuteka, pengine kisiwa ulichokisahau kina kikosi chake kimekaa kimya kinazingira.

Kila sababu ina dawa yake. Ngome ya mji mkuu: izingire. Washirika: watoe mmoja mmoja kwa amani ya pembeni, nitaieleza. Uchanga wa vita: subiri, lakini subiri ukiwa umekaa juu ya lengo. Kisiwa: kiokoe. Ukisoma orodha hiyo kila baada ya miezi michache, hutajiuliza tena kwa nini anakataa, kwa sababu ameshakuambia kwa namba.

Sasa nimekubaliwa. Nichukue nini?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na jibu langu huwakera wengi: chukua pungufu ya unachoweza kuchukua.

Tazama kila kitu kilichopo mezani. Kuna majimbo. Kuna dukati, yaani fedha ya gemu, za papo hapo. Kuna fidia ya vita, ambayo ni asilimia 10 ya mapato ya adui kwa miaka 10. Kuna kuvunja mikataba yake na washirika, kumnyima madai aliyo nayo juu yako, kuhamisha nguvu yake ya biashara ije kwako, kumdhalilisha, kumlazimisha aachie huru nchi aliyoimeza zamani, au kumfanya kibaraka wako mzima mzima.

Mchezaji mgeni anaona majimbo tu, na jimbo lina gharama tatu zinazokuja baada ya sherehe. Kwanza, mpaka ulifanye rasmi kuwa lako, kazi inayochukua takriban miaka 3 na pointi za utawala, linahesabika kama mzigo wa kujitanua kupita kiasi. Mzigo ukivuka asilimia 100, waasi wanainuka kila kona na nchi inaanza kutetereka. Pili, wakaazi wa dini au utamaduni mwingine hawatulii haraka. Tatu, majirani wameona.

Kwa hiyo fikiria jimbo gani linafungua mlango. Bandari moja yenye nguvu ya biashara ina thamani kuliko majimbo matano ya nyika. Ngome moja kwenye njia ya mlimani inaamua vita vijavyo kabla havijaanza. Kumvunjia adui mkataba na mshirika wake mkubwa hakukupi hata shubiri ya ardhi, lakini muda wa suluhu, yaani miaka msiyopaswa kupigana tena, ukiisha utamkuta peke yake. Na nchi ndogo yenye madai ya kale juu ya ardhi ya jirani, ukiifanya kibaraka, inakupa vita vya kurejesha majimbo ya asili kwa robo ya chuki. Kibaraka mmoja wa namna hiyo ana faida kuliko madai kumi ya kughushi.

Waingereza walilikabili swali hili hili mwishoni mwa Vita vya Miaka Saba. Walikuwa wameteka Kanada na pia visiwa vya Guadeloupe na Martinique, vyenye sukari iliyoleta fedha nyingi. Palikuwa na mabishano makali London: kibaki kipi, kirudishwe kipi? Katika Mkataba wa Paris wa 1763 walibaki na Kanada na kuirudishia Ufaransa visiwa vile. Washindi wa vita vile wakarudisha mali waliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu walipima ni kipi kingewaletea usalama na ni kipi kingewaongezea ugomvi. Hicho ndicho kipimo ninachokuomba ukitumie.

Hii chuki ya majirani inafanyaje kazi?

Kila jimbo unalolichukua linaandikwa vichwani mwa nchi nyingine kama deni. Walio karibu wanaliandika kubwa, walio mbali dogo. Wenye dini moja na uliyemnyang'anya, au kundi moja la utamaduni, wanaliandika kubwa zaidi. Nchi ikifikisha chuki ya 50 juu yako na uhusiano wenu ukiwa mbaya, inaweza kujiunga na muungano wa kujihami. Ukimgusa mmoja wa muungano huo wote wanakuja, na wakijiona wana nguvu za kutosha wanakuja bila kuguswa.

Niliwahi kulipia somo hili nikiwa Kilwa. Nilizimeza Mombasa, Malindi na Pate kwa vita vitatu vilivyofuatana, kila mara nikichukua kila kilichoruhusiwa, kwa sababu nilikuwa na jeshi na wao hawakuwa nalo. Ramani ilipendeza, pwani yote rangi moja. Sikuifungua hata siku moja ile ramani inayoonyesha nani ananichukia kiasi gani. Mogadishu na Ajuraan, dola ya Wasomali, walikuwa tayari pamoja, na wengine nyuma yao. Walipokuja, majimbo yangu mapya bado hayajawa rasmi, waasi walikuwa Malindi, na hazina ilikuwa imekwisha kwa kulipa mamluki wa vita vya tatu. Kwa mkataba mmoja wakanilazimisha kuiachia Pate huru na kuirudisha Malindi. Miaka thelathini ya mchezo iliyeyuka pale, na ningeliona hilo mapema kwa kubofya mara moja tu.

Tangu hapo ninafanya hivi. Chuki inapungua kwa takriban 2 kila mwaka, na mabalozi wakitumwa kuboresha uhusiano inapungua haraka zaidi. Kwa hiyo baada ya vita kimoja natuliza upande ule na kugeukia upande mwingine, kwa watu wa dini au utamaduni tofauti, ambao madeni yao hayajumlishwi na ya wale wa kwanza. Pia mtu mliyewekeana suluhu hawezi kujiunga na muungano mpaka muda uishe, jambo ambalo lina manufaa ukipanga zamu zako vizuri. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Wazee hawakuijua EU4 lakini waliijua pupa.

Amani ya pembeni ni nini?

Ni kufunga vita na mmoja wa washirika wa adui huku vita na adui mwenyewe vikiendelea. Mshirika aliyekuja kwa wajibu tu mara nyingi anatafuta mlango wa kutokea. Ukikalia jimbo lake moja au mbili, anaweza kukubali kuondoka bila kutoa chochote, au kwa dukati chache. Mpe mlango huo. Kila anayetoka anapunguza nguvu za upande wa pili, na ile orodha ya sababu inageuka kijani.

Jihadhari na kitu kimoja wakati wa kutangaza vita. Gemu inakuruhusu kumtaja mshirika wa adui kuwa adui kamili tangu mwanzo. Ukifanya hivyo, majimbo yake yanapatikana kwa bei ya kawaida, lakini naye anawaita washirika wake mwenyewe. Vita vya watu wawili vinakuwa vya watu saba kwa kubofya mara moja. Usipomtaja, majimbo yake yanakuwa ghali, ila ndugu zake wanabaki nyumbani. Mimi humtaja pale tu ninapomtaka yeye kweli.

Historia ina bingwa wa mchezo huu. Frederick wa Pili wa Prussia aliingia vitani mwaka 1740 kulichukua jimbo la Silesia kutoka kwa Maria Theresa wa Austria. Mwaka 1742 akafunga amani yake Breslau na kuwaacha Wafaransa, washirika wake, wakiendelea kupigana. Akarudi vitani, kisha 1745 akatoka tena kwa Mkataba wa Dresden. Alikuwa na lengo moja, Silesia, na kila alipolishika alitafuta mlango.

Mshirika wangu amepigana kwa nguvu. Lazima nimpe kitu?

Kama ulimwahidi ardhi ulipomwita, ndiyo. Anahesabu mchango wake katika vita na anatarajia fungu linalolingana nao. Ukimnyima, imani yake kwako inashuka, na ukimwita tena atakumbuka. Anayeketi mezani ni kiongozi wa vita peke yake, wengine hawaulizwi. Ukiwa wewe ndiye mshirika mdogo, ujue kwamba kiongozi wako anaweza kulitoa jimbo lako ili ajiokoe. Ukiona mambo yanaharibika, usisubiri huruma yake. Fungua mazungumzo yako mwenyewe mapema.

Ninashindwa. Nitokeje?

Toka mapema. Mtu anayepoteza ana mali moja tu ya kuuza, nayo ni muda wa mshindi. Siku ambayo adui ana alama 20 anaweza kuridhika na dukati, au na wewe kukiri tu kushindwa na kupoteza hadhi. Miaka miwili baadaye ana alama 70, ngome zako zimekwisha, uchovu wa vita umeinua waasi, na sasa anataka bandari yako kuu.

Jaribu kutoa vitu kwa mpangilio huu: fedha kwanza, fidia, kisha madai yako juu yake, kisha jimbo la pembezoni lisilo na ngome. Weka kishale kwenye orodha ile ile. Upande huu pia inakuonyesha kinachokosekana ili akubali. Ukiwa na pointi za diplomasia, 75 zinapunguza uchovu wa vita kwa 2, na hilo linaweza kukununulia mwaka mmoja wa kupumua. Mikopo isikutishe kama nchi imebaki nzima. Deni linalipika, lakini ngome iliyohama mikono haikurudii bila damu.

Kuna pia amani ya sare, kila mmoja kurudi alikokuwa. Ukiwa wewe ndiye uliyevamiwa na jirani mkubwa, sare ni ushindi. Ichukue.

Kwa nini siwezi kumpiga tena mara moja?

Mkataba unaleta muda wa suluhu wa miaka 5 hadi 15. Kadiri ulivyochukua zaidi ndivyo unavyokuwa mrefu. Ukiuvunja, utulivu unaanguka kwa 5, na hakuna nchi inayobeba hilo kirahisi. Andika mahali tarehe ya mwisho ya kila suluhu, kwa sababu adui naye anaisubiri.

Victoria 3, Crusader Kings III na Hearts of Iron IV zinafuata sheria hizi?

Hapana, na ukihama kutoka moja kwenda nyingine na mazoea yako, utaumia.

Victoria 3, iliyotoka Oktoba 2022 na inayoanza mwaka 1836, ndiyo iliyo kali zaidi juu ya malengo. Kabla ya vita kuna kipindi cha mvutano wa kidiplomasia. Pande zote mbili zinaweka madai yao hadharani, mataifa makubwa yanavutwa huku na huku kwa ahadi, na saa inahesabu kuelekea vita. Upande mmoja ukirudi nyuma, mwingine unapata dai lake kuu bila risasi. Mimi huipenda sehemu hii kuliko vita vyenyewe, kwani nimewahi kupata nilichotaka kwa sababu tu nilikaa na taifa kubwa upande wangu na mpinzani akahesabu vichwa. Vikianza, kila upande una uungaji mkono wa vita unaoshuka. Ukifika hasi 100 nchi inasalimu amri. Sifa mbaya yako inahesabiwa kwa namba pia. Ukifika 100, unakuwa mtu wa kutengwa na mataifa mengine yana haki ya kukuingilia ili kukupunguza.

Crusader Kings III inakufungia kwenye hati ya kesi. Ulipigania cheo cha utawala fulani? Basi unakipata hicho, au sare, au unasalimu amri. Hakuna kuchagua majimbo. Lakini ukimkamata kiongozi wa adui mwenyewe vitani, alama zinaruka hadi 100 na mambo yamekwisha. Vita ni vya watu binafsi, na mtu akikamatwa kesi imefungwa.

Hearts of Iron IV ni kinyume chake. Vita vinapiganwa mpaka nchi ianguke, kisha washindi wanakaa kwenye mkutano wa amani na kugawana kwa zamu, kila mmoja kwa pointi za mchango wake. Tangu nyongeza ya 2022 iitwayo By Blood Alone, mnaweza kugombania jimbo moja na bei yake ikapanda. Aliyekuja mwishoni na vikosi viwili anaondoka na mabaki.

Mambo haya yanafanana na historia ya kweli?

Kwa sehemu, tena zaidi ya watu wanavyodhani. Gemu zinapokudai sababu kabla ya vita, hazijabuni. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kulipa ushuru kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipofika na manowari, ushuru huo usiolipwa ndio uliokuwa hoja ya kuuvamia mji. Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni, mtu wao, na kujenga ngome. Mchezaji wa EU4 anaisoma hiyo mara moja: sababu, utekaji wa mji mkuu, kibaraka. Ngome waliihama 1512.

Hata amani ya sare ina sura zake. Mkataba wa Breda wa 1667 uliacha kila upande na ulichoshika wakati huo: Waholanzi wakabaki na Suriname, Waingereza na New Netherland ambayo ndiyo New York ya leo. Mkataba wa Aix-la-Chapelle wa 1748 ulimwona Louis wa Kumi na Tano wa Ufaransa akirudisha nchi za chini za Austria (takriban Ubelgiji ya leo) ambazo jeshi lake lilikuwa limezishinda, na Paris watu wakawa wanasema "mjinga kama amani". Na huko Westphalia, Ujerumani, mazungumzo ya kumaliza Vita vya Miaka Thelathini yalichukua miaka kadhaa hadi 1648, Münster na Osnabrück, huku majeshi yakiendelea kupigana ili kuinua au kushusha madai ya mezani. Ukiona kompyuta inakataa kwa sababu "inaendelea kuteka", mjumbe wa Westphalia angeielewa kabisa.

Penye pengo ni hapa, na linanigusa: katika gemu jimbo linapita mkono kwa mkono na wakaazi wake ni namba ya hatari ya uasi. Kilwa ya 1505 ilikuwa na nyumba za mawe, misikiti na wafanyabiashara waliokimbia na walichoweza kubeba. Mimi hucheza nikilikumbuka hilo, na limenifanya nisome zaidi kuliko darasa lolote la historia nililowahi kukaa.

Nianze na nchi gani ili nijifunze mapatano?

Waosmani katika EU4. Una jeshi la kutosha kukosea, na Bizanti, milki ya Konstantinopoli, iko mlangoni na majimbo machache. Pigana vita hivyo mara tatu kutoka faili lile lile lililohifadhiwa: mara moja uchukue kila kitu, mara ya pili uchukue Konstantinopoli tu, mara ya tatu uifanye Bizanti kibaraka. Kila mara songa mbele miaka kumi, kisha ufungue ramani ya chuki na uitazame hazina.

Ukishalizoea hilo, njoo pwani. Kila kabla ya vita, simamisha mchezo na uandike mistari mitatu kwenye karatasi: ninachotaka, nitakachoridhika nacho, na lini nitatoka. Yangu ya vita vya juzi vya Kilwa bado iko mezani karibu na kibodi: Mombasa; nikiikosa, dukati na fidia; miaka mitatu ikipita, sare.